Istilahi za Upishi: Kufasiri Mapishi ya Chajio kutoka Asia ya Mashariki

Mwalimu mmoja wa sayansikimu alituletea karatasi ya mapishi aliyoifasiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wake. Pishi lenyewe lilikuwa jepesi: kuku wa kukaanga kwa tangawizi na vitunguu vya majani kwa namna ya Wachina, chakula ambacho mtu aliyerudi kazini saa kumi na mbili jioni anaweza kukipakua kabla ya saa moja. Wanafunzi walifuata maagizo neno kwa neno, na mwisho wake wakapata kuku aliyezama katika kitu mfano wa uji, chenye chengachenga na harufu ya unga mbichi. Kuku wawili walipotea bure, na mwalimu akatuuliza, kwa haki kabisa, ni nani wa kulaumiwa.

Jibu lilikuwa katika mstari mmoja wa karatasi ile: "Changanya kijiko kimoja cha unga wa mahindi na maji." Katika Kiingereza cha Uingereza, wanga wa mahindi huitwa kwa jina ambalo likifasiriwa kipande kwa kipande hutoa maana ya unga wa mahindi. Mfasiri aliviona vipande viwili, akavifasiri vyote viwili sawasawa, na akakikosa kitu chenyewe. Wanga ni ile sehemu nyeupe, laini, iliyotengwa na kiini na pumba. Ukikorogwa katika maji baridi kisha ukatiwa katika chakula kinachochemka, chembe zake hufyonza maji, huvimba, na katika joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi za Sentigredi huanza kufunga na kuwa rojo angavu kwa muda wa dakika moja. Unga wa kusonga ugali hauiwezi kazi hiyo, kwani una mengine ndani yake na huhitaji muda mrefu zaidi kuiva. Wapishi wa halua wanaujua wanga vizuri sana, na wangalimwonya mwalimu wetu kama angaliwauliza. Neno lipo, tena si geni; na ijapokuwa lina maana nyingine ya wachawi wa usiku, hatujasikia bado mpishi aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa mapishi ya Asia ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki yanafasiriwa kwa wingi, na tafsiri nyingi tunazoziona zina ugonjwa huo huo. Sababu za kupendwa kwa mapishi hayo zaeleweka: mengi huiva upesi, nyama kidogo hutosha watu wengi, na msingi wake ni wali, ambao hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Pwani. Lakini wafasiri huyapata kwa njia ya Kiingereza, nao hudhani kwamba kila ugumu wa Kiingereza ni upungufu wa Kiswahili. Sisi twaona kinyume chake. Aghalabu neno la Kichina, la Kimalei au la Kijapani lina mwenzake hapa kwetu, na Kiingereza ndicho kilichosimama katikati na kuwazuia wasionane.

Kwanza, jina la jumla. "Chakula cha Kiasia" katika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala humfanya msikilizaji afikirie chapati, bajia na biriani, maana kwetu Mwasia kwa mazoea ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Yafaa basi kutaja nchi yenyewe: pishi la Kichina, la Kijapani, la Kithai, la Kiindonesia. Kadhalika, chakula cha jioni cha siku za kazi kiitwe hivyo, au chajio cha siku za kazi. "Chajio cha usiku wa wiki" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Sasa tuje kwenye vitenzi, ambako hasara ni kubwa zaidi. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuweka chungu motoni wala cha kukitoa. Hutumia maneno ya jumla ya kuweka na kuondoa, kisha hutaja moto au joto. Ndiyo maana tunasoma, "Ondoa sufuria kutoka kwenye joto." Hatujapata kumsikia mpishi yeyote akisema hivyo. Sufuria huinjikwa, au hutelekwa, na chakula kikiiva huepuliwa. Wako pia wasemao kuipua, na wote wamo katika lugha. Kikishaepuliwa hupakuliwa. Mfasiri anayeandika "Hudumia kikiwa moto" ameligeuza jiko kuwa ofisi. Angeandika tu, "Pakua kingali cha moto," na kazi ingekwisha.

Kosa lililo dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara ni lile la "ongeza". Katika mapishi ya Kiingereza kila kiingiacho chunguni huingia kwa kitenzi kimoja ambacho kamusi hukifasiri kuwa kuongeza. Kwa Mswahili, kuongeza chumvi ni kutia chumvi juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa. Msomaji makini akisoma "Ongeza chumvi" hurudi nyuma kutafuta ilikotajwa mara ya kwanza, na asipoiona huanza kuishuku karatasi nzima. Neno ni "tia", na likichosha kwa kurudiwarudiwa, yako "mimina", "nyunyiza" na "changanya", kila moja kwa mahali pake. Vilevile, pale ambapo Kiingereza humwagiza mpishi arekebishe ladha, sisi tuna kitenzi kizuri cha kukolea: "Onja uone kama chumvi imekolea." Na pale ambapo hutofautisha mchemko wa nguvu na mchemko wa polepole, tunaweza kutenga matumizi ya vitenzi viwili tulivyo navyo: maji yachemke, kisha kitoweo kitokote kwa moto mdogo.

Nomino moja imeleta mashaka zaidi ya nyingine zote, nayo ni "mchuzi". Tumeona "vijiko viwili vya mchuzi wa soya" na "kijiko kimoja cha mchuzi wa samaki". Mchuzi wa samaki ni chakula kamili, chenye samaki, nyanya, ukwaju na pengine tui, nao hupakuliwa kwa upawa. Kinachotajwa na pishi la Kithai ni kimiminiko chembamba cha rangi ya kahawia kinachotokana na samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliowekwa katika chumvi nyingi kwa miezi mingi mpaka wakachuruzika. Huwekwa katika chupa, nacho ni kiungo, si kitoweo. Wathai wenyewe hukiita nam pla, yaani maji ya samaki. Tulidhani kwa muda kwamba tafsiri hiyo ya moja kwa moja ingefaa, lakini kwetu maji ya samaki ni yale ya kuoshea samaki, ambayo hakuna atakayeyatia katika chakula chake. Kile cha soya nacho hutengenezwa kwa soya, aghalabu pamoja na ngano, vikaumuliwa kwa kuvu maalumu na maji ya chumvi. Mtu akiambiwa "mchuzi wa soya" ana haki ya kwenda kuchemsha soya.

Kwa hiyo twapendekeza "sosi ya soya" na "sosi ya samaki". Tunajua kwamba "sosi" limetoka Kiingereza, na kwamba wako watakaonung'unika. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo tuziendee lugha nyingine. Nasi tumeanza huko, tukakuta kwamba kila neno la karibu lina kazi yake tayari. Mchuzi una kazi, rojo lina kazi, siki ina kazi, achari ina kazi. Kulikopa neno moja kwa kitu kigeni ni nafuu kuliko kuliharibu neno la nyumbani linalotumika kila siku. Sosi basi ibaki kuwa kimiminiko cha kukolezea, kipimwacho kwa kijiko.

Katika habari ya wali mambo ni mazuri kiasi cha kufurahisha. Kiingereza kina neno moja kwa kilicho shambani, kilicho guniani na kilicho sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Wamalei na Waindonesia wana padi, beras na nasi. Wajapani wana ine, kome na gohan. Wachina nao wana dao, mi na fan. Mfasiri anayetoka katika lugha hizo kuja kwetu hana la kupoteza, lakini akipitia Kiingereza hufika mikono mitupu, na hapo ndipo tunaposoma "mimina kuku juu ya mchele". Hata ukoko, ambao Kiingereza huueleza kwa sentensi nzima, Wajapani wanao kwa jina la okoge, na wako wanaougombania kama watoto wetu wanavyougombania.

Chukua nasi goreng, chajio mashuhuri cha Indonesia. Maana yake ni wali wa kukaanga tu, na jina hilo la Kiswahili latosha. Mapishi ya Kiingereza husisitiza utumike wali uliopikwa siku iliyotangulia na ukapoa, kwani wali mpya una unyevu na hugandamana katika mafuta. Tumeona maelezo hayo yakifasiriwa kwa maneno kumi na mawili. Kiswahili kina kiporo. "Wali wa kiporo" ni istilahi kamili, na tunashangaa kwamba wafasiri huionea haya, kana kwamba kiporo ni neno la umaskini lisilofaa kuchapwa. Jambo moja tu liongezwe, na hapa kuongeza ndiko kuongeza: kiporo hicho kiwe kimepozwa upesi na kuwekwa katika jokofu, maana wali uliolala nje kwa joto la kwetu huweza kuotesha vijidudu vyenye sumu ambayo kukaanga hakuiondoi.

Habari ya tui ni ndefu kidogo, nayo yafaa kuelezwa taratibu. Hatutasema mengi juu ya "maziwa ya nazi", kosa ambalo hata mtoto anayejua mbuzi ya kukunia nazi angelisahihisha. Shida iko katika daraja za tui. Watu wa Pwani wanalo tui la kwanza, zito, ambalo wengine huliita kasimile, na tui la pili, jepesi, linalopatikana kwa kutia maji katika chicha na kukamua tena. Waindonesia hutofautisha santan nzito na nyepesi vivyo hivyo. Wathai wana majina ya kupendeza zaidi: hua kathi, yaani kichwa cha tui, na hang kathi, yaani mkia wake. Pishi la Kiingereza linalosema "nusu ya kopo" hulificha jambo hili, na mfasiri asiyejua huandika "tui" tu mara zote mbili.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mpangilio wao si wetu. Mpishi wa Pwani huivisha kitoweo kwa tui jepesi, halafu hutia tui zito mwishoni, akikoroga kwa uangalifu lisikatike. Mpishi wa Kithai, katika mapishi mengi ya viungo vilivyotwangwa, huanza na tui zito: hulichemsha mpaka mafuta yajitenge, hukaanga viungo humo humo, kisha ndipo hutia nyama na tui jepesi. Yaani kukatika kwa tui, ambako kwetu ni aibu ya mpishi, kwake ni hatua ya pishi. Msomaji asipoambiwa waziwazi atafuata mkono wake uliozoea, na chakula chake kitakuwa kizuri, lakini hakitakuwa kile kilichoandikwa.

Majina ya vitu vya sokoni tunaweza kuyapita kwa haraka. Mchaichai usiitwe "nyasi za limau". Vitunguu vya majani visiitwe "vitunguu vya masika". Tambi nyembamba za Kichina ambazo Kiingereza huzilinganisha na kioo zisiwe "tambi za kioo", jina la kuogofya kwa mtu mwenye watoto. Hutengenezwa kwa wanga wa choroko, basi ziitwe tambi za choroko, na muuza duka atajua nini kimo ndani. Kwa upande mwingine, ile mikate myembamba ya kuviringishwa na kukaangwa ina masika halisi katika jina lake la Kichina, chunjuan, kwani huhusiana na sikukuu ya kuingia majira hayo. Hapo Kiingereza kilifasiri kwa uaminifu, nasi hatuna ugomvi nacho.

Kuna kitu kingine tunachokipenda zaidi. Pishi moja jepesi la Kijapani ni oyakodon, ambalo jina lake lina "mzazi na mwana" ndani yake, yaani kuku na mayai juu ya bakuli la wali. Nyama ya kuku na vitunguu hutokoteshwa katika supu nyepesi, sosi ya soya na sukari kidogo. Mayai yaliyopigwa humiminwa juu, chombo hufunikwa kwa dakika moja, na chakula kiko tayari. Huko hutiwa pia divai ya mchele, na anayeiepuka huiacha na kuzidisha sukari kidogo. Supu hiyo huitwa dashi, na vitabu vya Kiingereza huagiza itengenezwe kwa aina ya mwani na kwa jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparwa mwembamba kama karatasi, vitu ambavyo mtu wa Tabora hatavipata. Lakini katika majiko mengi ya Japani dashi hutengenezwa pia kwa niboshi, na niboshi ni dagaa wadogo waliochemshwa na kukaushwa. Mfasiri aliyefuata neno la Kiingereza huandika "sadini watoto waliokaushwa" na kumwacha msomaji akitafuta kopo. Angeandika "dagaa wakavu". Huondolewa vichwa na matumbo ili supu isiwe chungu, huloweshwa katika maji kwa nusu saa, kisha huchemshwa kwa dakika chache na kuchujwa.

Ladha ya supu hiyo ndiyo ambayo mkemia Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908, alipokuwa akichunguza mwani wa dashi. Wako waliopendekeza ifasiriwe "utamu wa nyama", lakini mwani si nyama, na utamu kwetu hubeba sukari na uzuri wa chakula kwa pamoja. Sisi tunaona neno liachwe lilivyo. Limekuja na irabu mwishoni na u- mwanzoni, likakaa lenyewe karibu na uchungu, ukali na uchachu. Ni mara chache mgeni kuingia nyumbani akiwa amekwisha vaa nguo za wenyeji.

Imebaki aina ya ukaangaji, na hapa tunakiri kwamba kazi haijaisha. Kichina hutofautisha kwa vitenzi vifupi kabisa: chao, kukaanga vipande vidogo kwa moto mkali na kuvigeuza bila kupumzika, jian, kukaanga kwa mafuta kidogo pasipo kugeuzageuza, zha, kukaanga katika mafuta mengi. Kiswahili husema kukaanga kwa vyote, hata kwa karanga zisizotiwa mafuta, ingawa Zanzibar maandazi na sambusa huchomwa katika mafuta. Katika maagizo ya pishi hakuna tatizo: "kaanga kwa moto mkali huku ukigeuzageuza" yaeleweka na mtu yeyote. Tatizo ni pale inapotakiwa nomino ya kichwa cha somo. "Ukaangaji wa kugeuza" umependekezwa. Hatuuchukii, ila haujatushika moyo. Chombo chenyewe kiitwe karai bila kusita. Jina limetoka India na umbo ni la jamii hiyo hiyo, na mafundi wa ujenzi wanaolichanganyia saruji hawatatudai. Tahadhari moja kuhusu mvuke: samaki apikwe kwa mvuke, wala asifukizwe, kwani kufukiza ni kwa ubani au kwa mgonjwa aliyefunikwa blanketi.

Juu ya vipimo tutasema neno moja. Kikombe cha mapishi cha Marekani ni mililita 240 hivi, cha Japani ni 200, na kile kinachokuja pamoja na chombo cha umeme cha kupikia wali ni 180. Mfasiri aandike mililita na gramu, na vikombe awaachie wanywaji wa chai.

Hii hapa karatasi ya mwalimu wetu, baada ya kuitengeneza, kwa chakula cha watu wanne.

Injika wali. Ukiwa jikoni, kata gramu 400 za nyama ya kuku isiyo na mifupa vipande vyembamba, uchanganye na kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya na kijiko kimoja cha chai cha wanga. Acha kwa robo saa. Menya tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba uikate kama njiti za kibiriti, uponde punje tatu za kitunguu saumu, na ukate mashina sita ya vitunguu vya majani. Katika bakuli, koroga kijiko kimoja cha chai cha wanga, kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha chai cha sukari na mililita 120 za maji baridi. Kila kitu kiwe karibu, kwa kuwa moto ukishawaka hutapata nafasi ya kukata. Teleka karai mpaka lipate moto sana, tia vijiko viwili vya mafuta, tandaza kuku, mwache nusu dakika, kisha kaanga ukigeuzageuza kwa dakika tatu hivi, mpaka asiwe na wekundu ndani. Mtoe. Tia kijiko kimoja cha mafuta, tangawizi na kitunguu saumu. Harufu ikitoka, mrudishe kuku. Koroga tena bakuli, maana wanga hutuama chini, umimine. Geuza mpaka rojo liwe angavu na lishike nyama. Tia vitunguu vya majani, onja kama chumvi imekolea, epua, na upakue juu ya wali.

Wanafunzi walilipika upya, na mwalimu ametuarifu kwamba hakuna kilichobaki cha kuwa kiporo. Kuhusu nomino ya ukaangaji, na kuhusu jina la tui zito katika sehemu zisizotumia kasimile, tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa yenye kutaja mahali neno liliposikika.